Mbolea Inapokula Gari: Namna ya Kutibu na Kuzuia Kutu kwenye Gari la Shamba

Mmezoea kunisoma nikizungumzia mbegu, viuatilifu na bei za soko. Leo nazungumzia gari. Naomba usiruke makala hii ukisema huyu naye siyo fundi, anatafuta nini kwenye magari. Ni kweli, mimi siyo fundi. Lakini kilichonifanya niandike ni mbolea, na mbolea ni kazi yangu.

Kuna kikundi cha vijana upande wa Mkata wanaolima machungwa, mahindi na nyanya kidogo. Mimi mwenyewe ndiye niliyewashauri waache kununua mbolea mfuko mmoja mmoja kwa bei ya juu. Niliwaambia wachange, wanunue kwa pamoja, wabebe kwa pamoja. Wakasikia. Baadaye wakachanga tena wakanunua kirikuu iliyotumika. Hiyo kirikuu ikawa kila kitu: leo machungwa, kesho mbolea, keshokutwa samadi kutoka kwa wafugaji, siku nyingine chumvi ya ng'ombe au mgonjwa wa kupelekwa hospitali.

Mwaka huu, kabla ya masika, dereva wao alikuwa anarudi kutoka Korogwe na mifuko ya Urea na CAN. Alishapita Segera, hajafika Kabuku, basi lililokuwa mbele yake likapunguza mwendo ghafla. Akakanyaga breki. Pedali ikashika kidogo, halafu ikazama mpaka karibu na sakafu. Akashusha gia, akavuta handibreki, akaiingiza gari kwenye majani ya pembeni. Mungu mkubwa, hakuna aliyeumia. Mifuko miwili ilipasuka, basi.

Gari likavutwa hadi gereji. Walinipigia simu kwa sababu ya mbolea, nami nikaenda. Fundi alikuwa amelala chini ya gari. Akaniita, "Bwana shamba, hebu njoo uone hizi mbolea zako."

Nikainama. Paipu ya breki inayokwenda nyuma ilikuwa imevimba kwa kutu, na mahali pamoja ilikuwa imetoboka. Juu yake, kwenye pembe ya chesisi, kulikuwa na tope jeupe lililoganda. Fundi alichukua bisibisi akaisukuma kwenye ubavu wa chesisi. Ikapita kama inapita kwenye boksi lililoloana. Lile tope jeupe lilikuwa Urea na CAN za misimu yote, zilizomwagika kidogo kidogo kupitia tundu la sakafu ya bodi.

Niliwafundisha wale vijana kununua mbolea, kuibeba, kuihifadhi na kuiweka shambani. Sikuwahi kuwaambia waoshe gari baada ya kuibeba. Matengenezo yaliwagharimu zaidi ya faida ya nyanya zao za msimu ule. Kwa hiyo makala hii ni deni langu kwao, na kwako ambaye gari lako bado halijafika huko.

KUTU NI NINI, NA KWA NINI MAGARI YETU YANALIWA HARAKA

Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, kinageuka kutu. Vyote viwili lazima viwepo. Chuma kikavu hakishiki kutu kirahisi, ndiyo maana jembe lililopakwa mafuta na kutundikwa ndani linakaa miaka.

Sasa ongeza chumvi. Maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji matupu, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaotembea juu ya chuma. Ndiyo maana chuma cha pwani kinaoza kabla ya chuma cha bara. Ukisema "chumvi" usifikirie ya mezani peke yake. Mbolea zetu nyingi za viwandani zenyewe ni chumvi kwa lugha ya kemia. Na mbolea ina tabia nyingine mbaya: inavuta unyevu kutoka hewani. Umeshaona Urea iliyomwagika sakafuni jioni, asubuhi imekuwa tope wakati mvua haikunyesha? Tope hilo hilo likiwa juu ya chesisi linaifanya chesisi iwe mbichi usiku na mchana, hata kiangazi.

Kuna moja ambalo vijana wengi hawalijui. Urea na CAN zikichanganyika zinavuta unyevu haraka kuliko kila moja ikiwa peke yake. Ndiyo sababu tunakataza kuzichanganya kwenye mfuko mmoja ukisubiri kuziweka shambani. Mabaki yake yakikutana kwenye sakafu ya gari, mambo ni yale yale. Kirikuu ya wale vijana ilikuwa na mchanganyiko huo kwenye kila pembe.

Vitu vingine tunavyobeba vinavyokula chuma ni hivi:

Samadi na mkojo wa mifugo. Mkojo una chumvi, na samadi ni sponji inayoshika maji. Ukibeba mbuzi au ndama kwenda mnadani, mkojo unapenya kwenye mbao za sakafu na kukaa katikati ya mbao na bati. Juu unaona pakavu, chini panaoza.

Chumvi ya mifugo. Mfuko ukichanika ni kama umelipeleka gari baharini.

Machungwa na malimau. Maji yake ni asidi. Tunda lililopondeka na kusahaulika kwenye kona ya bodi linatafuna rangi, halafu linaanza bati.

Majani ya mkonge. Vijana wa Korogwe mnaolima mkonge na kupeleka majani kupitia AMCOS, mnajua ule utomvu unavyowasha mkononi. Nao una asidi. Ukiweza kuwasha ngozi, usiuache ukaukie kwenye bodi.

Mrututu na viuatilifu vingine vya shaba. Hivi ni hatari kuliko vinavyoonekana. Chuoni tulifundishwa kuupima mchanganyiko wa Bordeaux, yaani mrututu na chokaa, kwa msumari safi. Unauchovya msumari, ukitoka na rangi nyekundu ya shaba ujue chokaa haitoshi. Maana yake ni kwamba shaba inaganda juu ya chuma na chuma kinayeyuka kuipisha. Na pale shaba ilipoganda, chuma cha pembeni kinaendelea kuoza haraka kila panapokuwa na unyevu. Sasa fikiria galoni lako la mrututu linalovuja nyuma ya kiti cha dereva. Usichanganye wala kubeba mrututu kwenye chombo cha chuma au bati la zinki. Tumia plastiki, na mfuniko ubane.

Halafu kuna udongo. Wa Handeni mnajua vumbi letu jekundu. Likiwa kavu halina neno, lakini linajaa ndani ya madigadi na juu ya chesisi, na mvua ya kwanza ikinyesha linageuka tope linaloshika maji siku nyingi. Gari linaonekana limekauka kwa nje, kumbe ndani limevaa nguo mbichi.

KAGUA KABLA HUJATIBU

Tafuta siku yenye jua. Osha gari, hasa chini, uliache likauke kabisa. Kisha chukua tochi, bisibisi ya zamani, nyundo ndogo na kipande cha sumaku. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka stendi au magogo imara, na uzibe matairi yasitembee.

Angalia sehemu hizi moja moja: chesisi yote, hasa karibu na springi za nyuma na pale kabini inapokalia, paipu za breki na za mafuta tangu mbele mpaka nyuma, ndani ya madigadi, sehemu ya chini ya milango, sakafu ya kabini baada ya kunyanyua kapeti, chini ya betri, maana maji ya betri ni asidi kali, na sakafu ya bodi ya nyuma kwa chini, siyo kwa juu tu.

Gonga kwa nyundo taratibu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, kama unagonga debe lenye mchanga. Pakitia shaka, sukuma kwa bisibisi. Ukiogopa kusukuma kwa sababu patatoboka, basi jibu umeshalipata.

Utakuta kutu ya aina tatu.

Ya kwanza ni kutu ya juu. Ni rangi ya kahawia tu, ukisugua unakuta chuma kigumu. Hii unaitibu mwenyewe nyumbani.

Ya pili ni malengelenge. Rangi imevimba, ukiipasua unakuta unga wa kutu na vishimo. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, ndiyo maana inasukuma rangi juu. Lengelenge dogo kwa nje mara nyingi lina eneo kubwa kwa ndani. Hii inatibika, lakini inataka uvumilivu.

Ya tatu ni tundu, au bati lililobaki jembamba kama karatasi. Hapo hakuna dawa ya kupaka. Ni kukata na kuchomelea bati jipya.

KUTIBU KUTU YA JUU NA MALENGELENGE

Kosa kubwa ninaloliona ni kupiga rangi juu ya kutu. Gari linang'aa mwezi mmoja, halafu malengelenge yanarudi, tena yameongezeka. Rangi haiui kutu, inaificha tu. Ni kama kumwagia maji mahindi yaliyoliwa na viwavijeshi ukisema yatachangamka. Mdudu bado yuko ndani.

Fanya hivi:

1. Vaa miwani, glavu na barakoa. Vumbi la kutu na rangi ya zamani siyo la kuvuta.

2. Kwangua malengelenge yote na usugue kwa brashi ya waya. Kama una grenda, tumia brashi yake ya waya, lakini usibonyeze mpaka ukamaliza bati. Endelea mpaka ufikie chuma kinachong'aa, na uvuke mpaka wa kutu kama upana wa vidole viwili kila upande.

3. Piga msasa namba 80, kisha malizia na namba 180 au 240 ili ukingo wa rangi ya zamani ulale. Ukipitisha kidole usisikie ngazi.

4. Futa vumbi, kisha pangusa kwa kitambaa safi chenye tina. Mafuta kidogo tu ya mkono wako yanatosha kuifanya rangi isishike.

5. Kwenye vishimo ambavyo brashi haifiki, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori. Dawa hii inageuza kutu iliyobaki kuwa tabaka jeusi lililotulia. Fuata maelezo ya kopo, maana nyingine zinataka kuoshwa na nyingine hazitaki. Ukikuta kutu ya unga, rudi kwenye brashi kwanza. Dawa haipenyi kwenye kutu nene.

6. Piga praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Usiseme kesho. Chuma kilichosuguliwa kikilala wazi usiku mmoja wenye umande, asubuhi utakikuta kimeanza rangi ya chai. Piga koti mbili, na uache muda wa kukauka katikati kama kopo linavyosema.

7. Malizia kwa rangi ya juu, koti mbili. Praima nyingi hazizuii maji peke yake. Watu wanapiga ile praima nyekundu na kuishia hapo, msimu ukiisha wanashangaa.

Kazi hii usiifanye katikati ya masika. Unyevu ukiwa mwingi rangi haishiki vizuri. Kwetu nafasi nzuri ni Januari na Februari baada ya vuli kukatika, au Juni mpaka Septemba. Piga kivulini, lakini siku kavu, na siyo juu ya bati lililochomwa na jua la saa nane.

Kwa vitu vidogo kama boliti, koleo au minyororo huhitaji dawa ya dukani. Loweka kwenye siki au maji ya malimau usiku mmoja, sugua, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kausha haraka, paka mafuta. Machungwa na malimau yanayooza chini ya miti yenu yana kazi hiyo pia. Ila usifanye hivyo kwenye bodi ya gari, kwa sababu asidi itaingia kwenye maungio na hutaweza kuitoa.

IKISHATOBOKA

Fundi mwingine atakuambia tunajaza puti inaisha. Mkatalie kwa heshima. Puti ni ya kusawazisha bati zima lililobonyea, siyo ya kuziba tundu. Inashika unyevu, na nyuma yake kutu inaendelea kula kimya kimya. Mbaya zaidi ni lile tundu lililojazwa gazeti, juu puti, juu rangi. Ukinunua gari la namna hiyo umenunua karatasi.

Tundu la bodi likatwe mpaka kwenye bati zima, lichomelewe bati jipya la unene ule ule, kisha lipigwe praima pande zote mbili. Upande wa ndani mafundi wengi wanausahau, na moto wa kuchomelea umeshaunguza rangi yote ya huko. Simama hapo uhakikishe.

Kabla ya kuchomelea, nyaya za betri zifunguliwe, na tanki la mafuta pamoja na paipu zake viondolewe au visogezwe mbali na moto. Usikubali kuambiwa "tutaangalia angalia". Kama kutakuwa na mtu wa kuangalia, awe ameshika kizimamoto.

Chesisi ni habari nyingine. Hiyo ndiyo inayobeba mzigo na watu. Chesisi iliyooza haifungwi kiraka cha juu juu. Apewe fundi anayejua kazi ya chesisi, akate sehemu mbovu na kurudisha nguvu yake. Na angalizo: namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe. Ijue iko wapi kabla grenda haijawashwa. Ukiisaga namba hiyo kwa bahati mbaya, utakuwa na kazi kubwa ya kueleza kwamba gari ni lako.

Paipu ya breki haina mjadala. Ukiiona imevimba, ina magamba au imelowa mafuta ya breki, badilisha. Usiifunge mpira, usiichomelee. Na ubadilishe mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hivi, kwa sababu nayo yanavuta maji kutoka hewani na kuleta kutu kwa ndani, mahali ambapo tochi haifiki.

KUZUIA: KAZI YA NUSU SAA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye gari, ufa unazibwa kwa ndoo ya maji.

Ukibeba mbolea, chumvi, samadi, mifugo au mkonge, osha siku hiyo hiyo. Usisubiri Jumapili. Anza kwa kufagia, kwa sababu mbolea kavu inatoka kwa ufagio. Hiyo uliyofagia iweke kwenye mfuko, bado ni mbolea, ipeleke shambani. Kisha mwaga maji mengi safi, hasa chini ya bodi, kwenye pembe za chesisi na karibu na springi. Huna mashine ya presha? Mpira wa maji au pampu ya mgongoni inatosha, ilimradi isiwe ile uliyopulizia kiuagugu au mrututu. Oshea mbali na kisima na mto, maana ile chumvi inakwenda mahali. Kama ulibeba mbolea au samadi, shambani pembeni ya migomba pananufaika.

Kausha. Fungua milango, nyanyua kapeti, acha gari juani saa moja au mbili. Gari lililooshwa halafu likafungiwa kwenye banda lisilo na hewa ni bora usingeliosha.

Zibua matundu ya maji. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua. Vikijaa vumbi, mlango unageuka ndoo. Pitisha waya laini kila mwezi. Usivizibe kwa puti wala rangi, watengenezaji waliviweka makusudi.

Tandika turubai zima chini ya mifuko, lipande kwenye kuta za bodi. Nyuma ya safari likunjue, likung'ute, likauke. Turubai bichi lililoachwa limelala kwenye bodi linafanya kazi kinyume.

Boliti, bawaba na maungio ya springi yapate grisi au mafuta kama fundi wako anavyoelekeza. Ndani ya milango na kwenye matundu ya chesisi, mafundi wa rangi wanaweza kukupulizia nta au mafuta mazito ya kuzuia kutu. Ile rangi nyeusi ya lami ya kupaka chini ni nzuri pia, lakini juu ya chuma safi na kikavu tu. Ukiipaka juu ya tope na kutu, umefunika chungu kinachochemka.

Sasa, oili chafu. Najua wengi wenu mnapaka chini ya gari, na ni kweli inasukuma maji. Lakini ina uchafu na asidi kutoka kwenye injini, inaharibu mipira ya springi na breki, inashika vumbi mpaka chini pawe kama ukuta wa udongo, na ikidondoka shambani inachafua ardhi unayoitegemea. Kama lazima upake mafuta, tumia safi, kidogo, na weka mbali kabisa na breki, matairi na bomba la moshi.

Maegesho nayo yana neno. Usiegeshe kwenye majani marefu, umande unapanda chini ya gari kila usiku. Usiegeshe ndani ya stoo ya mbolea wala banda la kuku. Paa lenye hewa pande zote, juu ya kokoto au sakafu, linatosha.

KABLA HUJANUNUA

Magari mengi tunayonunua yanatoka Japani yakiwa yameshatumika. Sehemu za kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Gari la huko linaweza kuwa na kiti safi na injini tamu, huku chesisi imeliwa. Kilomita chache kwenye dashibodi hazikuambii lolote kuhusu kutu.

Hapa nyumbani nako uliza gari lilifanya kazi gani. Kama lilikuwa likibeba samaki kutoka Tanga au Pangani, au chumvi kutoka mashamba ya pwani, mpigie fundi simu kabla hujatoa hela. Chukua sumaku, ifunge kwenye kitambaa laini isikwaruze, ipitishe chini ya milango na juu ya madigadi. Isiposhika, ujue pana puti, au plastiki kama kipande hicho kilitengenezwa hivyo. Nyanyua kapeti. Nusa. Harufu ya ukungu ni maji yaliyokaa. Na ukiona chini pamepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa kwenye gari la zamani, usifurahi haraka. Chukua bisibisi ukwangue kidogo, muuzaji akikataa, umeshajibiwa.

RATIBA YA MWAKA

Ifunge kazi hii kwenye kalenda yako ya shamba ili usisahau:

Januari na Februari: ukaguzi mkubwa, kusugua na kupiga rangi kabla ya masika. Paipu za breki ziangaliwe na fundi.

Machi mpaka Mei: osha chini kila wiki, toa tope kwenye madigadi, zibua matundu ya milango. Huu ndio wakati wa mbolea, kwa hiyo ndoo isikae mbali.

Juni: osha na ukague uharibifu wa masika. Tibu madoa madogo yakiwa madogo.

Septemba: ukaguzi wa pili kabla ya vuli.

Kila safari ya mbolea, chumvi au mifugo: fagia, osha, kausha. Andika kwenye daftari la gari tarehe na mzigo uliobebwa. Na gharama za kutu ziandike kwenye gharama za shamba, kwa sababu ndizo hizo. Kijana anayepiga hesabu ya mbegu, mbolea na vibarua halafu anasahau gari, anajidanganya kuhusu faida yake.

Kirikuu ya Mkata imerudi barabarani. Ina kipande kipya cha chesisi, paipu mpya za breki na sakafu ya bodi iliyozibwa. Wiki iliyopita nilipita pale jioni. Walikuwa wametoka kushusha mbolea, dereva ameshika mpira wa maji, mwenzake anafagia bodi. Dereva akaniambia, "Bwana shamba, tangu siku ile kila nikikanyaga breki nakukumbuka." Sikujua kama ananisifu au ananilaumu. Nikachukua ufagio nikasaidia.

Na wewe, kabla jua halijazama leo, chukua tochi uende ukainame chini ya gari lako. Fuata paipu ya breki kwa macho mpaka gurudumu la nyuma. Dakika tano tu.

Tukutane shambani.